Herufi Nene za Mlazo, na Mahali Zinapofaa

Leo nataka kuzungumza nanyi juu ya kitu ambacho kila mwenye macho hukiona kila siku, na pengine hajapata kuuliza habari zake, yaani aina moja ya herufi.

Mtaifahamu mara nikiwaelekeza. Simama kando ya barabara kuu, magari yanapopita kwenda Mwanza. Tazama ubavu wa basi. Mara nyingi utaona jina lake limeandikwa kwa herufi nene kama mihimili ya nyumba. Herufi hizo zimebanwa, hata kila moja ni ndefu kuliko upana wake mara mbili au tatu. Tena zote zimelala upande wa kulia, kama mtu akimbiaye huku ameinamisha kifua. Hiyo ndiyo herufi nitakayoisimulia, herufi nene ya mlazo iliyobanwa. Haikufanywa kwa kusomea kitabu. Ilifanywa kwa kuita watu walio mbali.

Ninayo sababu yangu ya kuchagua habari hii, wala si sababu ya kujisifu. Nitaieleza kwanza, ili msije mkadhani ya kuwa mwalimu amekosa kazi.

Walio mbali na nchi yetu hawana budi kuambiwa ya kwamba huku kwetu, tangu Kahama mpaka Geita, watu wengi huchimba dhahabu kwa mikono yao. Mashimo yao huitwa maduara. Duara likiisha dhahabu, au likijaa maji, wachimbaji huliacha na kwenda kuchimba jingine, na lile la kwanza hubaki wazi, majani yakaota kando yake. Duara moja la namna hiyo lilikuwa karibu na njia ambayo watoto walipitisha ng'ombe kwenda kunywa maji. Wazee wakaja kwangu, wakasema, "Mwalimu, wewe una mkono mzuri wa kuandika. Tuandikie ubao."

Nilifurahi sana. Nikachukua bati, nikalipaka rangi ya manjano, nikaandika kwa rangi nyekundu ya mafuta: HATARI. SHIMO REFU. USIPITE HAPA. Wakati ule nilikuwa nikiwafundisha wanafunzi wangu wa ualimu kuandika mabango, na herufi niliyoipenda kuliko zote ilikuwa hiyo hiyo nene ya mlazo. Basi niliitumia. Nilipima mstari kwa rula, nikalaza kila herufi sawasawa na jirani yake, nikazibana ili maneno yote yaenee katika bati dogo. Ubao ulipendeza mno. Wanafunzi wakausifu, nami nikaamini sifa zao.

Haukupita mwezi, mtoto mmoja wa darasa la tatu alimfuata mbuzi wake ukingoni mwa duara lile, udongo ukamponyoka miguuni, akaanguka. Mungu alimsaidia akakwama katika magogo ya zamani, hakufika chini. Wachimbaji walimtoa kwa kamba. Mguu wake ulikuwa umevunjika mahali pawili.

Nilikwenda kwao kumpa pole. Baada ya kumwamkia babu yake nikamwuliza, "Babu, ule ubao hamkuuona?"

Akajibu kwa upole, "Tuliuona, mwalimu. Tulidhani ni tangazo la mpira."

Nikamgeukia mtoto, kwa kuwa alikuwa amekwisha kujua kusoma. Akasema, "Shikamoo mwalimu. Mimi nilifikiri ni habari za basi."

Siku ile nilirudi nyumbani nikaanza kujifunza herufi upya, mimi niliyekuwa nikizifundisha kwa miaka mingi. Haya nitakayowaambia ni baadhi ya niliyoyapata.

Kulala kwa herufi ni jambo la zamani, na mwanzoni hakukuwa na kelele ndani yake. Ufundi wa kupiga chapa kwa herufi za madini zinazopangwa moja moja ulianza Ulaya katikati ya karne ya kumi na tano, kwa kazi ya Johann Gutenberg katika mji wa Mainz, Ujerumani. Herufi zake zilisimama wima. Mwaka 1501, huko Venice katika nchi ya Italia, mpiga chapa aitwaye Aldus Manutius alitoa kitabu kidogo cha mashairi ya Virgil, mshairi wa Kirumi wa kale, nacho kilipigwa chapa chote kwa herufi zilizolala. Fundi aliyezichonga aliitwa Francesco Griffo. Aliiga mwandiko wa wasomi wa wakati ule, kwa maana mkono ukienda mbio huinamisha herufi wenyewe bila kuamriwa. Cha kuchekesha ni kwamba katika vitabu vile vya kwanza herufi ndogo tu ndizo zilizolala. Herufi kubwa zilibaki wima, kama wazee waliokataa kucheza ngoma ya vijana.

Herufi hizo zilikuwa nyembamba na za utulivu, zikafaa kwa kitabu cha kushika mkononi. Hata leo kitabuni hutumiwa kwa neno moja la kutiliwa mkazo, au kwa jina la kitabu kingine.

Unene ulikuja miaka mia tatu baadaye, nao ulizaliwa sokoni. Mwanzoni mwa karne ya kumi na tisa kuta za mji wa London zilijaa matangazo ya bahati nasibu, ya michezo na ya biashara za kila namna. Kila mwenye tangazo alitaka lake lionekane kabla ya la mwenziwe. Wachonga herufi wakaanza kuzinenepesha, mwaka hata mwaka, mpaka nyingine zilikaribia kuziba kabisa. Mwaka 1816 William Caslon wa Nne alionyesha herufi zisizo na vile vikono vidogo vya miguuni na kichwani, yaani herufi kavu kama zile tunazoziona sasa katika vibao vya maduka. Na kwa kuwa herufi kubwa za risasi ni nzito na za gharama, watu walikata za mti mgumu. Mwaka 1827 Darius Wells wa New York alipata njia ya kuzikata kwa mashine, na bei yake ikashuka. Hapo ndipo mabango yalipoenea kila mahali.

Kubana kulitokana na haja hiyo hiyo. Karatasi ina upana wake, wala haiongezeki. Mwenye tangazo anataka neno refu, tena anataka liwe kubwa. Ukilikuza, litatoka nje ya karatasi. Njia ni kulibana ubavuni na kulirefusha kwenda juu. Watu waliokaa kumi katika kiti cha gari cha watu sita watanielewa.

Sasa nakuja kwenye lugha yetu, na hapa naomba mnisikilize kwa makini, kwa sababu naona ya kuwa jambo hili latuhusu sisi kuliko Waingereza. Kiswahili hukusanya mambo mengi katika neno moja. Chukueni neno "hawajaandikishwa". Lina herufi 16. Mwingereza husema habari hiyo kwa maneno matano mafupi, naye mhariri wake aweza kuyakata popote, mawili juu na matatu chini. Sisi tukilikata letu, msomaji hukwama. Basi mhariri wa gazeti la Kiswahili akitaka kuweka "Hawajaandikishwa" juu ya habari, ana njia mbili tu, ama kutumia herufi ndogo isiyoonekana, ama kutumia herufi iliyobanwa. Ndiyo maana ukisimama mbele ya meza ya muuza magazeti, pamoja na wale wasomao vichwa vya habari bila kununua (nami nimo), utaona herufi nene zilizobanwa zimejaa ukurasa wa kwanza, na katika magazeti ya michezo nyingi zimelazwa pia.

Kiswahili kiliwapa wapiga chapa taabu nyingine tangu zamani. Askofu Edward Steere, aliyefariki mwaka 1882, alipiga chapa vitabu huko Unguja kwa msaada wa vijana aliowafundisha kupanga herufi, na mwaka 1888 lilianza huko gazeti la misheni lililoitwa Msimulizi. Baadaye sana, mwaka 1923, Idara ya Elimu ya Tanganyika ilianzisha Mambo Leo katika Dar es Salaam. Kazi ya kupanga ilikuwa hivi: mpangaji alisimama mbele ya kasha lenye vyumba vidogo, kila chumba na herufi yake, akaziokota moja moja na kuzipanga kinyume. Sasa, herufi zilizouzwa kwa ajili ya Kiingereza huwa na "e" nyingi kupita zote, kwani ndiyo itumiwayo zaidi katika lugha ile. Kiswahili chataka "a". Hebu hesabuni "a" katika neno "wanafananishana". Mkizipata sita, mmehesabu vema. Neno kama hilo hulikomba kasha la Kiingereza upesi, "e" zikabaki zimelala bila kazi.

Herufi za mlazo za risasi zilikuwa na udhaifu wake wenyewe. Kila herufi ya madini hukaa juu ya kigogo cha pembe nne. Herufi ikisimama wima, hutosha juu ya kigogo chake. Ikilala, ncha yake huning'inia nje, na ile "f" ya mlazo ndiyo iliyovunjika upesi kuliko zote.

Tena iko ile alama ndogo katika "ng'ombe". Wasukuma hatuwezi kuishi bila alama hiyo, wala bila ng'ombe. Katika herufi nene zilizobanwa alama hii hukosa mahali pa kukaa. Huingia kati ya "g" na "o", ikanywewa na wino, na msomaji akaona "ngombe", kitu kisichokuwapo duniani. Nimeona mabango mengi ya minada yenye kosa hilo. Fundi mwangalifu huacha nafasi zaidi mahali hapo, hata kama mstari utapungua uzuri.

Wazee wa pwani walioandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu walitatua shida ya mstari kwa njia iliyo kinyume cha hii. Neno likiwa fupi na nafasi ikiwa ndefu, mwandishi aliweza kuuvuta mkia unaounganisha herufi mpaka mstari ukajaa. Na kwa kuwa mwandiko ule huenda toka kulia kwenda kushoto, mwendo wa mbele ulikuwa upande wa kushoto. Kwa hiyo mlazo wetu wa kulia hauna maana ya mbio kwa kila mtu. Una maana hiyo kwa yule tu aliyezoea kusoma akienda kulia.

Hapo pwani ndipo pia palipotokea mahali ninapopapenda kuliko mahali pote pa herufi nene, yaani kanga. Maneno ya kanga za zamani yaliandikwa kwa herufi za Kiarabu, baadaye yakaandikwa kwa herufi za Kirumi. Yatazameni mama zenu wanapopita. Maneno hukaa katika ukanda mwembamba karibu na pindo la chini, kwa kawaida kwa herufi kubwa. Ukanda hauongezeki, walakini methali nyingine ni fupi, na nyingine ni ndefu kama safari ya Tabora. Mchoraji hubana au hutanua herufi kwa kadiri ya maneno. Kitambaa hicho kitafuliwa mara nyingi na kupigwa na jua, kikunjwe kiunoni na kubebea mtoto, na bado maneno yatakiwa yasomeke. Herufi nyembamba ingepotea upesi. Lakini zingatieni, herufi za kanga kwa kawaida husimama wima. Mwenye kanga hana haraka. Anataka jirani yake asome polepole mpaka aelewe ya kuwa anaambiwa yeye.

Basi kosa langu katika ubao wa duara lilikuwa nini? Yalikuwa makosa mawili yaliyoshikana.

La kwanza ni la jicho. Kila herufi yenye duara, kama "o", "e", "a" na "d", ina uwazi ndani yake, nami huuita tumbo la herufi. Jicho hutambua herufi kwa tumbo lake sawasawa na linavyoitambua kwa mifupa yake. Ukiinenepesha herufi, tumbo hupungua, ukiibana, hupungua tena, ukiilaza, hupindika. Ikisha kuandikwa kwa brashi, rangi ya mafuta ikachuruzika kidogo, "o" huwa doa tu, na mtu aliye hatua hamsini haoni neno, huona uzio wa vijiti vilivyoinama. Katika Kiswahili hatari hiyo ni kubwa, maana irabu moja ikigeuka maana nzima hugeuka. Fikirini kisima chenye maji yaliyoharibiwa kwa zebaki ya kuoshea dhahabu. Ukiandika kando yake "usiteke" kwa herufi zilizozibana, mtu akasoma "usitoke", umemwambia nini? Tena chuo kimoja nikijuacho kilipaka jina lake kwa herufi ndogo, nene na zilizobanwa. Jua na mvua vilipofanya kazi yao, ile "u" iliziba juu. Wageni walioona ubao ule kutoka barabarani waliingia wakitafuta msalani, nao hawakuwa na kosa.

Kosa la pili ni la mazoea, nalo ndilo lililomvunja mtoto yule mguu. Kabla mtu hajasoma neno, amekwisha kusoma sura yake. Mtoto wetu ameziona herufi nene za mlazo katika mabasi, katika chupa za soda, katika fulana za wachezaji na mabango ya mpira. Zimemwambia mara elfu moja: mbio, furaha, njoo. Mimi nikazichukua herufi hizo hizo zenye kusema "njoo", nikaandika nazo "usipite". Maneno yangu yalisema hivi na sura yake ikasema vile, na sura ilitangulia kufika.

Wenzetu waliochora vibao vya barabara waliliona jambo hili mapema. Uingereza ilipofungua barabara yake ya kwanza ya magari yaendayo kasi, karibu na mji wa Preston mwaka 1958, vibao vyake vilichorwa na Jock Kinneir pamoja na Margaret Calvert. Gari lilikwenda mbio kuliko basi lolote la kwetu, walakini hawakulaza herufi hata kidogo. Waliziweka wima, wakaacha matumbo yake wazi, wakatenga herufi moja na nyingine zaidi ya desturi ya vitabu, na majina ya miji wakayaandika kwa herufi ndogo baada ya herufi kubwa ya kwanza. Mtu aliye mwendoni apaswa kupewa herufi iliyotulia.

Msinielewe vibaya, mkaenda kuzifuta herufi za mlazo katika duka la jirani. Naendelea kuzipenda. Kwa jina la timu, kwa bango la ngoma za mavuno, kwa neno moja au mawili juu ya habari kubwa, sijui herufi iwezayo kuzishinda. Nawaambia wanafunzi wangu tu wasizitumie kwa maneno mengi. Tatu yatosha, na la nne ni la kuombewa ruhusa. Tena wasizifanye kwa uvivu. Sasa kazi nyingi hufanywa kwa kompyuta, na kompyuta yaweza kuibana herufi ya kawaida au kuisukuma ilale kwa kubofya mara moja. Matokeo yake ni mabaya, nami nitawaeleza sababu. Ukiisukuma herufi kutoka ubavuni, miti yake iliyosimama hukonda, lakini ile iliyolala inabaki na unene wake wa kwanza, hata "H" ikawa kama mtu mwembamba aliyefunga mshipi wa mtu mnene. Na "o" iliyosukumwa ilale huvimba pembe mbili na kukonda pembe mbili, kama yai lililokaliwa. Mchoraji wa kweli huichora herufi ya mlazo upya tangu mwanzo, akirudisha unene kila mahali ulipopotea.

Nilirudi kwenye duara na bati jingine, kubwa mara mbili ya lile la kwanza. Safari hii sikuwachukua wanafunzi wangu kunisifu. Nilimchukua babu wa yule mtoto pamoja na kijana mmoja asiyejua kusoma. Niliandika HATARI peke yake juu, kwa herufi nene zilizosimama wima, zenye nafasi kati yake. Chini yake nikachora mtu anayeanguka shimoni, kisha nikaandika SHIMO. Hayo tu. Tukarudi nyuma hatua hamsini. Kijana akasema, "Mtu anaanguka." Babu akakunja uso kwa ajili ya jua, akasoma neno la juu silabi baada ya silabi, kisha akaniuliza kwa nini sikuliandika hivyo tangu zamani.

Wachimbaji waliweka miba na magogo kulizunguka duara, kwa maana ubao haumzuii mbuzi. Lile bati la kwanza bado ninalo. Nimelitundika darasani karibu na dirisha, na kila mwaka wanafunzi wapya huniambia ya kwamba ni zuri sana.